Matembezi ya Asubuhi Katika Mji wa Reli: Nairobi na Majumba Yake

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima. Limechapwa kama lilivyosomwa katika redio. Mwalimu wa darasa na asome sehemu moja moja, kisha awape wanafunzi nafasi ya kusema.

 

Watu wengi wakisikia neno historia hudhani ni habari iliyofungwa ndani ya kitabu kikubwa, nayo ni kazi ya wenye elimu nyingi. Sivyo. Historia nyingine imesimama kando ya barabara, nasi twaipita kila siku tukienda sokoni au kazini. Imejengwa kwa mawe na mabati. Leo nataka tutembee pamoja katika mji wa Nairobi, tuangalie majumba machache ya zamani, tuyasome kama mtu asomavyo ukurasa.

Katika kila jumba tutauliza maswali matatu. La kwanza: Nani alilijenga, na kwa kazi gani? La pili: Nani alikuwa na ruhusa ya kuingia? La tatu: Ni kitu gani kilichoandikwa humo, na nani aliyeshika kalamu? Yashikeni vizuri maswali hayo matatu, maana tutayarudia mpaka mwisho wa safari.

STESHENI

Twaanza stesheni ya gari la moshi, kwa sababu mji wenyewe ulianza hapo. Kabla ya reli, mahali hapa palikuwa tambarare yenye majimaji, na Wamasai walileta ng'ombe wao kunywa. Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi.

Serikali ya Uingereza ilianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896. Shabaha yake ilikuwa kufika Ziwa Viktoria na kuishika njia ya kwenda Uganda. Mwezi wa Mei mwaka wa 1899 reli ilifika hapa, maili 327 kutoka Mombasa. Wakubwa wa reli waliona ya kwamba mbele yao kuna milima, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Hapa palikuwa na ardhi iliyo sawa ya kuweka karakana na maghala, tena maji yalikuwapo. Basi makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa yakaletwa hapa. Mji ukaota kando ya karakana, kama vile kijiji kiotavyo kando ya kisima. Mwaka wa 1905 Nairobi ikawa makao makuu ya serikali. Reli yenyewe ilifika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka wa 1901.

Sasa swali letu la kwanza: Nani aliijenga reli? Wahandisi walikuwa Waingereza. Lakini waliobeba vyuma, wakachimba udongo na kulaza mataruma, wengi wao walikuwa vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Walikuja kiasi cha 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali, na wengine kwa simba. Gawanyeni hesabu hiyo katika maili zote za reli mpaka Kisumu, mtaona ya kwamba kila maili moja ilichukua roho za watu wapatao wanne. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na watu kama 6,700 wakakaa nchini. Kadhalika walikuwapo Waafrika wengi, waliofyeka msitu na kuchukua mizigo.

Nyuma ya stesheni kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Humo mtaona injini kubwa za moshi zilizokwisha kustaafu, na pia behewa moja ambalo watoto hupenda kulitazama. Katika behewa hilo, mwaka wa 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia usiku akamchukua ofisa wa polisi aitwaye Charles Ryall. Ofisa huyo alikuwa amekaa humo kumvizia simba huyo huyo, usingizi ukamshika.

Fikirini kidogo juu ya jambo hili. Jina la Bwana Ryall twalijua, na behewa lake limehifadhiwa. Lakini wale vibarua 2,500, katika matembezi yetu yote ya leo hatutakutana na ukuta wenye majina yao. Walitia alama ya kidole gumba katika karatasi za mkataba, wakapanda meli. Wengi hawakuweza kuisoma karatasi waliyoitia alama.

JUMBA LA HATI

Tutoke sasa stesheni, tushike barabara ya Moi Avenue. Zamani za ukoloni iliitwa Government Road, yaani Barabara ya Serikali. Tukivuka Haile Selassie Avenue twaona bustani ndogo. Hapo palisimama ubalozi wa Marekani, uliolipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa, na majina yao yameandikwa ukutani. Simameni kidogo muyasome. Aliyeandikwa jina, hata mgeni asiyemjua aweza kumtaja.

Twaendelea mbele. Mkono wa kulia lasimama jumba zito la mawe, lenye nguzo. Hili ndilo Jumba la Hati za Taifa. Lakini halikujengwa kwa kazi hiyo. Lilikuwa benki, iliyoitwa National Bank of India. Jina hilo latuonyesha ni nani walioendesha biashara ya mji: fedha ya reli, ya maduka na ya mashamba ya walowezi ilipita humo. Mchukuzi wa mizigo hakuwa na shughuli ndani ya benki. Mshahara wake aliupokea mkononi, na mara nyingi ulikwisha siku ile ile.

Mwaka wa 1965, baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kutunza hati za taifa, na baadaye hati hizo zikaletwa katika jumba hili. Humo zimo barua za maofisa wa wilaya, taarifa zao za kila mwaka, habari za kodi, mashauri ya ardhi na amri za kuhamisha watu. Mambo ambayo wakubwa waliandikiana kwa siri juu ya wazee wetu, leo mwananchi aweza kuomba kuyasoma. Vimo pia vitu vya sanaa vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya.

Yatieni akilini haya. Palipotunzwa fedha za wachache, sasa pametunzwa habari za wengi. Lakini habari hizo humfaa yule tu awezaye kusoma, au aliye na mtu mwaminifu wa kumsomea.

ASKARI WATATU WA SHABA

Tufike katika njia panda, tupinde kushoto, tuingie Kenyatta Avenue. Barabara hii zamani iliitwa Delamere Avenue, kwa jina la mkubwa wa walowezi. Ni pana mno. Husemwa ya kwamba ilifanywa hivyo ili gari la kukokotwa na ng'ombe wengi lipate kugeuka.

Katikati ya barabara wamesimama watu watatu wa shaba. Sanamu hizi ziliwekwa mwaka wa 1928, kuwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Mtazameni mmoja wao: hana bunduki. Yeye ni mpagazi. Katika vita hivyo wapagazi walichukua vyakula na risasi kichwani kwa mamia ya maili, mvua ikinyesha, bila viatu na bila chakula cha kutosha. Hesabu ya serikali yenyewe ya wapagazi waliokufa ilizidi 40,000, na wataalamu wengi wanaona ya kwamba hesabu ya kweli ni kubwa zaidi. Mtaa wa Kariokor hapo Nairobi ulipata jina lake kwa hao, maana kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nasi tukalitamka kwa ulimi wetu.

Chini ya sanamu kuna maandishi kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mwanafunzi wa darasa letu aweza kusimama hapo akayasoma mwenyewe, neno kwa neno, bila kumwuliza mtu. Akisha kuyasoma, na ajiulize kwa nini hakuna jina hata moja la mpagazi.

NYUMBA YA KIPANDE

Tufuate barabara hiyo hiyo upande wa magharibi. Tutafika katika jumba la mawe lenye mnara mdogo juu yake. Lilijengwa mwaka wa 1913, na aliyelichora ni Gurdit Singh Nayer, Mhindi. Wakati mmoja lilikuwa refu kuliko majumba mengine ya mji. Siku hizi ni benki, lakini watu waliita, na mpaka leo waliita, Nyumba ya Kipande.

Wazee wetu walilijua neno hili kwa uchungu. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915, na baada ya vita, kufika mwaka wa 1920, ilianza kutumika kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande. Kilikuwa karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Tena iliandikwa humo jina la bwana aliyemwajiri, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyotoka. Karatasi ilitiwa katika kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alijiona amevikwa kengele kama mnyama wa kundi.

Sasa swali letu la tatu: Nani aliyeshika kalamu? Bwana wa shamba ndiye aliyeandika katika kipande. Kama hakutia sahihi ya kumruhusu mfanyakazi kuondoka, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine. Akiondoka bila ruhusa, aliitwa mtoro, akatafutwa na polisi. Asiyekuwa na kipande aliweza kutozwa faini au kufungwa. Kama bwana aliandika mshahara mdogo, mwajiri wa pili aliuona akatoa ule ule. Na mwenye kipande, kama hakujua kusoma, alitembea na maneno hayo kifuani mwake mchana na usiku, asijue yasemavyo.

Ndugu zangu, hii ndiyo hasara ya kutojua kusoma ambayo haitajwi mara nyingi. Twasema asiyejua kusoma hukosa habari za magazeti na vitabu. Ni kweli. Lakini kuna kubaya kuliko huko: wengine huweza kuandika habari zake, na yeye mwenyewe akazichukua kwao kwa mkono wake.

Kipande cha namna ile kilikomeshwa mwaka wa 1947. Hakikukoma kwa huruma tu. Watu walikipinga kwa zaidi ya miaka 25, na habari za upinzani huo zatupeleka kituo cha mbele.

OFISI YA MKUU WA JIMBO

Lakini kwanza tufike mwisho wa Kenyatta Avenue. Hapo pembeni pana jumba dogo la mawe, lililojengwa mwaka wa 1913 pia. Lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Jimbo. Humo ziliandikwa habari za kuzaliwa, za kuoana na za kufa. Tena kutoka hapo ndipo ulipopimwa umbali wa kwenda miji mingine. Mji ulijihesabu kuwa wanzia hapo. Siku hizi jumba hilo ni nyumba ya sanaa na makumbusho, na mwananchi ye yote aweza kulipa kiingilio akaingia.

NORFOLK, NA SIKU YA 16 MACHI 1922

Tupinde kulia, tufuate barabara kuu ya Uhuru Highway, kisha University Way, mpaka tuione Hoteli ya Norfolk. Ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1904. Walowezi na wawindaji matajiri walikaa katika baraza yake, wakatazama mji. Barabara ipitayo mbele yake leo yaitwa Harry Thuku Road. Jina hilo halikuwekwa bure.

Harry Thuku alikuwa kijana aliyejua kusoma na kuandika. Aliwahi kufanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti, kisha akawa mpokea simu katika ofisi ya serikali. Mwaka wa 1921 yeye na wenzake walianzisha chama, wakapinga kipande, nyongeza ya kodi, kupunguzwa mishahara, na kazi ya lazima iliyowapata hata wanawake na wasichana. Silaha yake ilikuwa kalamu. Aliandika barua na matangazo, akapeleka na simu ya maandishi mpaka London. Yule aliyeandikwa sasa alikuwa akiandika mwenyewe.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Watu wakakusanyika kwa maelfu nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli hii. Tarehe 16 wajumbe walikwenda kuonana na serikali, wakarudi wakawaambia watu watawanyike. Baadhi ya wanaume wakataka kwenda zao. Ndipo mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akasimama akawaaibisha, akawaambia wampe suruali zao wao wavae nguo yake. Watu wakasogea mbele, wakidai Thuku afunguliwe. Askari wakapiga bunduki. Imesimuliwa ya kwamba hata Wazungu waliokuwa katika baraza ya hoteli walipiga pia. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine waliokuwapo walisema ni zaidi. Muthoni alikuwa kati ya waliouawa. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa kizuizini miaka mingi.

MSIKITI NA MAKTABA

Sasa turudi katikati ya mji kwa mtaa wa Muindi Mbingu. Huyu alikuwa kiongozi wa Wakamba waliokuja Nairobi mwaka wa 1938 kupinga kuuzwa kwa ng'ombe wao kwa nguvu. Tukikaribia mwisho wa matembezi, twaona kuba na minara ya Msikiti wa Jamia. Ulijengwa kati ya mwaka wa 1925 na 1933 na Waislamu wa mji, na wengi wao asili yao ni Bara Hindi. Reli ilikwisha, lakini watu walijenga mahali pa kusali, maana walikusudia kukaa.

Karibu na msikiti ndipo mwisho wa safari yetu: Maktaba ya McMillan. Ina ngazi pana, nguzo za mawe, na simba wawili mlangoni. Ilifunguliwa mwaka wa 1931. Bibi Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, tajiri mzaliwa wa Amerika aliyekufa mwaka wa 1925.

Swali letu la pili: Nani alikuwa na ruhusa ya kuingia? Kwa zaidi ya miaka 25 maktaba hii ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyejua kusoma vizuri, hata mwalimu wa shule, hakuweza kupanda ngazi hizi akaomba kitabu. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka wa 1958, na mwaka wa 1962 maktaba ikawa mali ya Baraza la Mji.

Fikirini: maktaba hii na Nyumba ya Kipande ni mwendo mfupi tu. Katika nyumba moja Mwafrika alilazimishwa kuchukua karatasi. Katika nyumba nyingine alikatazwa kuzishika. Kisa ni kimoja. Wenye amri walijua nguvu ya maandishi, kwa hiyo walitaka kuchagua wenyewe nani aandikwe na nani asome.

Siku hizi mlango huo hauulizi rangi ya mtu. Lakini twajua kuna mlango mwingine, usioonekana, nao ni ule wa kutojua kusoma. Ninyi mnaokaa jioni katika madarasa, baada ya kazi za shamba na za jikoni, mnaufungua kidogo kidogo. Isiwe kazi ya bure. Karatasi ya shamba, ya mkopo, ya kazi au ya hospitali isisainiwe mpaka imesomwa.

Na wale walio mbali na Nairobi wasiseme somo hili haliwahusu. Voi, Nakuru, Kisumu, Tabora na Kigoma zote zilijengwa au zilikuzwa na reli. Nendeni stesheni ya mji wenu, muanze hapo, mfuate barabara. Waulizeni wazee kila jumba lilikuwa la nani, kisha andikeni majibu yao katika daftari pamoja na majina yao. Mzee akifa bila kuandikwa, maneno yake huenda naye.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Taruma (mataruma): kipande cha mti au chuma kinacholazwa chini ya reli.
Behewa: gari moja katika magari ya treni.
Mpagazi: mtu achukuaye mizigo kwa malipo.
Mlowezi: mgeni aliyehamia nchi akashika ardhi.
Hati: karatasi yenye maandishi ya kisheria au ya serikali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wakubwa wa reli walichagua Nairobi kuwa makao yao?
2. Kipande kiliandikwa mambo gani? Ni lipi kati ya hayo lililomwumiza mfanyakazi zaidi?
3. Kujua kuandika kulimsaidiaje Harry Thuku?
4. Tajeni jumba moja la zamani katika mji au kijiji chenu. Nani alilijenga? Nani alikatazwa kuingia? Leo latumika kwa kazi gani?
5. Je, umewahi kutia sahihi au kidole katika karatasi usiyoweza kuisoma? Leo ungefanyaje?